Rudisheni Themostati Kabla ya Timboroa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naona wenye malori wamekaa mbele, madereva katikati, na mafundi wamejipanga karibu na mlango, tayari kutoroka. Mafundi ndio ninaowataka hasa, kwa hiyo huo mlango mtu aurudishe.

Nimeombwa nizungumzie malori ya dizeli yanayosumbua kwenye baridi. Tayari kuna anayecheka pale nyuma: baridi gani, Mombasa? Bwana, mzigo unaotoka Kilindini haulali Changamwe. Unapanda Mazeras, unapita Voi na Mtito, unaingia Nairobi, unapanda Limuru, unashuka Naivasha, unapita Nakuru na Salgaa, unapanda tena Mau Summit mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya hii bahari yetu. Aliyelala pale mwezi wa Julai anaijua alfajiri yake. Dereva anapiga stata, lori linakohoa, linatoa moshi mweupe unaochoma macho, linazimika. Anampigia bosi, bosi anampigia fundi, fundi bado yuko kwenye mahamri na chai, anajibu bila kufikiri: "Ni baridi tu hiyo."

Si baridi. Mimi hili nimelisema mpaka wengine mkiniona mnabadilisha njia, na leo nalisema tena. Baridi haikulitia lori lako ugonjwa. Ugonjwa uliupakia hapa hapa Mombasa, pamoja na kontena. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi ya injini huumbuliwa Timboroa.

Naomba wenye malori wanyooshe mikono: nani ana uhakika kwamba injini yake ina themostati? Naona mikono michache, na mmoja umeshuka.

Hadithi yenyewe mnaijua. Lori limepanda Mazeras na kontena la futi 40, mchana wa Februari, mshale wa joto umepanda, maji yanachemka. Linarudi gereji. Fundi anafungua nyumba ya themostati, anaitoa, anaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, anafunga, anasema "sasa itapoa". Na kuna wengine hawangoji hata ichemke. Wanaitoa siku lori linaposhuka melini, kabla halijavuka Makupa.

Kile kidude kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ishike joto. Nyingi zimepigwa namba ubavuni, 82 kwa mfano, na hizo ni nyuzi ambazo inaanza kufunguka. Dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta yanawashwa na joto la hewa iliyobanwa, basi. Kuta za silinda zikiwa baridi, hewa inapoteza joto kwenye hizo kuta, na mafuta yanayopulizwa na nozeli hayaungui yote. Mengine yanatoka kwenye ekzosi yakiwa moshi mweupe. Mengine yanaosha ile oili inayolinda silivu, yaani ukuta wa ndani wa silinda, yanapita kwenye ringi za pistoni, yanateremka chini kuchanganyika na oili.

Hapo ndipo ninapochokaga na watu. Dereva anachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, anaona oili imepanda juu ya alama, anafurahi: "Injini yangu hainywi oili, mzee, inaongezeka!" Inaongezeka! Oili inazaa? Hiyo ni dizeli, ndugu yangu. Inuse. Isugue kwa vidole viwili: imekuwa nyepesi, haina utelezi. Na kwa hiyo oili ndiyo unakwenda Malaba.

Sasa najua swali linalokuja, kwa sababu kila mara kuna kijana mwerevu mmoja. "Mwalimu, lori likilala usiku kucha Timboroa, lenye themostati na lisilo nayo, asubuhi yote yana baridi sawasawa. Themostati inaingiaje kwenye kuwaka?" Swali zuri, na jibu lake ndilo mhadhara wote. Kweli, asubuhi ile yanalingana baridi. Hayalingani silivu. Lile lisilo na themostati limekuwa likitembea na injini vuguvugu safari baada ya safari. Ringi zimelika, nozeli zimeshika masizi, silivu imesuguliwa bila oili. Mbano umepungua. Mombasa, hewa inaingia kwenye silinda ikiwa na nyuzi 30 tayari, kwa hiyo hata mbano hafifu unatosha kuwasha. Timboroa hewa inaingia ikiwa chini ya nyuzi 10, na huo mbano hafifu hautoshi. Injini ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba huko hakuna wa kuifichia aibu.

Kuna mwenye lori mmoja, simtaji, yumo humu ndani na ameanza kutazama simu yake. Lori lake lilikataa kuwaka huko juu. Likavutwa, likawaka. Eldoret likabadilishwa nozeli zote. Likarudi Mombasa, likapigwa stata mara moja tu, likanguruma. Wote wakasema limepona. Safari iliyofuata, pale pale, moshi ule ule. Pampu ikashushwa ikapelekwa kupimwa. Pampu haikuwa na kosa. Akaniletea akitaka nimwambie anunue turbo ya aina gani.

Sikushika spana. Nilisema lizimwe, lipoe mpaka jioni, kisha liwashwe, nami nikaweka kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, ule mpira hubaki baridi kwa muda huku injini ikipata joto, halafu ghafla unakuwa moto: themostati imefunguka. Ule wake ulianza kupata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, sambamba na injini. Nikamuuliza dereva: ukishuka Salgaa mshale wa joto unafanya nini? Akasema, "Unalala chini kabisa, mzee. Nilidhani ni vizuri." Tukafungua nyumba ya themostati. Ndani mlikuwa na gasketi na kutu. Bei ya nozeli zile na kazi ya pampu ningezitaja hapa, lakini mtu ana familia.

"Lakini mwalimu, ilipotolewa injini ikapoa." Ilipoa kwa sababu uliondoa kizuizi, hukuondoa kosa. Kosa ni rejeta iliyojaa tope na chumvi, mkanda wa feni uliolegea, kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, au pampu ya maji iliyoliwa mapezi. Na kwenye injini nyingi kubwa themostati ikifunguka huwa inaiziba ile njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi daima, na sehemu ya maji hairudi rejeta kabisa. Ndiyo maana wengine wameitoa na bado inachemka, kisha wananiambia lori lina jini.

Na haya maji! Mtu ana lori la mamilioni anamwagia rejeta maji ya kisima cha chumvi, eti kulanti, ile dawa ya kutia kwenye rejeta, ni ghali. Kulanti si ya kuzuia barafu tu. Ina dawa ya kutu, na inalinda silivu zisitobolewe kwa nje na mapovu yanayopasuka kwenye ukuta wake. Nimetoa silivu yenye vishimo unavyoweza kuingiza ncha ya kalamu.

Themostati haipimwi kwa macho. Tafuteni sufuria kuukuu, si ile ya pilau, msije mkanigombanisha na wake zenu. Ifunge uzi, ining'inize majini isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ikifika karibu na namba yake unaiona inaanza kufunguka. Nyuzi kama 10 au 15 zaidi, imefunguka yote. Ikianza mapema mno, au ikakwama, nunua nyingine. Na wenye injini zinazochukua mbili, badilisheni zote mbili.

Naona natazamwa kuhusu saa. Haya, mengine haraka haraka.

Betri. Joto la Mombasa ndilo linaloiua, baridi inakuja kutangaza msiba tu. Hapa maji yake yanakauka na bamba zake zinaliwa, lakini stata bado inazunguka kwa sababu oili ni nyepesi. Kule oili ni nzito, na betri iliyochoka inazungusha pole pole. Ukizungusha pole pole hewa inapata muda wa kupoa kabla mafuta hayajaingia. Pimeni wakati stata inapigwa, si lori likiwa limepumzika: kila betri isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Na kabla ya kununua betri, sugueni vichwa na waya wa athi unaokwenda kwenye chesisi. Chumvi ya bahari inaila athi kimya kimya.

Oili: wanaotia ile nzito ya namba 50 ili kuficha moshi wa buluu wa injini inayounguza oili, mnajijua. Rudini 15W-40 au ile aliyoandika mtengenezaji, na kama inanywa oili, tengenezeni ringi.

Moshi mweusi mlimani ni kesi nyingine. Timboroa mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban robo, kwa hiyo filta ya hewa iliyoziba, ambayo Mombasa ulivumilia, kule inakukaba. Hilo msilitie kwenye baridi.

Dizeli kuganda: Ulaya wana dizeli maalumu ya majira ya baridi, ni kweli. Wewe kwanza fungua kikombe cha filta. Dizeli inapoganda ni nta iliyomo ndani yake, na nta ikipashwa joto inayeyuka na mafuta yanang'aa. Maji yanakaa chini pale pale. Mara nyingi mtaona maji, na mara nyingi tangi lililala nusu, unyevu wa hewa iliyomo ukageuka maji usiku.

Plagi za hita, zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, sikuzifikia, na kutoa hewa kwenye pampu sikukufikia. Ila moja tu: msipulize ile dawa ya kuwashia kwenye injini yenye plagi za hita au hita ya hewa. Inalipuka kabla ya wakati wake, inavunja pistoni.

Haya, maswali. Yule ndugu mwenye kofia amenyoosha mkono tangu kwenye betri. Uliza, lakini usiniulize turbo.