Ni nani anawachagua wale watu 15?

Asanteni, kaeni, wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Najua wengine hapa mshanisikia na habari hii ya tume ya katiba ya jiji la Minneapolis, wale watu 15 wanaopitia mabadiliko ya katiba ya jiji kabla hayajafika kwenye kura, mara tatu nne, leo nairudia tena manake kila nikiuliza nani ashawahi kuomba kuingia kwenye tume hiyo, sioni mkono.

Twende Agosti 2020. George Floyd aliuawa na polisi wa Minneapolis tarehe 25 Mei, tarehe 26 Juni madiwani wa Minneapolis wakapitisha 12 kwa 0 kwamba kile kipengele cha polisi kwenye katiba ya jiji kibadilishwe na wananchi wakaamue wenyewe Novemba. Watu wakajua basi, Novemba tunapiga kura. Kumbe katikati kuna mlango na una walinzi. Tarehe 5 Agosti niko jikoni, laptop iko pembeni ya jiko, naangalia kikao cha tume kikifanywa kwa video sababu ya korona, karani anaita jina mtu anajibu, anaita jina mtu anajibu, maharagwe yakaungulia kwenye sufuria sikusikia hata harufu. 10 wakasema tuongezewe siku 90 tuichunguze vizuri, 5 wakakataa. Na tarehe ya mwisho ya kupeleka swali kwenye karatasi ya kura ilikuwa imebaki wiki mbili tu. Wakikataa hoja ya madiwani, madiwani bado wanaweza kuipeleka kwenye kura, lakini sheria inawaruhusu kuikalia, siku 60 halafu 90, na mwaka ule kuikalia kulitosha.

Sasa mtu ataniambia lakini ile hoja ilikuwa mbaya, hata inayofanana nayo ilipoletwa 2021 kwa saini za wananchi ilianguka, 56 kwa 44 kwa asilimia. Sawa, sibishani, nina majirani walipiga ndiyo na wengine hapana na wote nawaheshimu. Mimi nauliza kitu kingine kabisa: wale 15 waliwekwa na nani? Ulimpigia mmoja wao kura? Haukumpigia. Aliyewaweka ni jaji, yule jaji anayeongoza mahakama ya wilaya ya Hennepin, na ndivyo ilivyo kwa miji yote ya Minnesota yenye katiba yake, watu 7 mpaka 15, miaka minne minne, bila mshahara.

Na hii kitu ni ya zamani sana jamani, imeanza 1896, wakati ule hata walisema wawe watu 15 wenye ardhi. Wenye ardhi! Leo sharti limebaki moja tu kubwa, uwe mpiga kura wa jiji hilo. Basi. Haudaiwi digrii, haudaiwi nyumba, ukiwa dereva wa teksi ama unafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na una uraia na umejiandikisha, unafaa sawa na wakili wa pale downtown. Tofauti ni kwamba yeye anajua nafasi imetangazwa na ameandika barua, wewe hujui. Jaji hawezi kumchagua mtu ambaye jina lake halijamfikia mezani.

Kuna wanaosema si tuwachague wenyewe kwa kura. Detroit wanafanya hivyo, viti 9 vinagombewa, waliochaguliwa 2018 wakaandika katiba mpya na wapiga kura wakaikataa Agosti 2021, kwa hiyo kura nayo haikupi uhakika, na kugombea kunataka pesa. New York ndo sitaki hata tuige, meya anaunda tume yake mwenyewe, na 2024 maswali ya tume ya meya yaliingia kwenye kura yakasukuma nje swali la madiwani. Jaji angalau hagombei kiti cha meya wala cha diwani. Sisi wa Kenya tuliona rasimu ya katiba iliyoandikwa Bomas ikichezewa mpaka tukaenda kuipiga chini 2005 kwa chungwa, alama ya hapana, tunajua vizuri kwamba anayeteua wachoraji ndo anaanza kuchora.

Portland nilitaka kuwaeleza pia, wale 20 walioteuliwa na madiwani na wakakubaliana 17 kwa 3, wapiga kura wakapitisha, serikali nzima ikabadilika, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Na St. Paul, huko ni jaji wa Ramsey, utaratibu ni ule ule, wa St. Paul msidhani hayawahusu.

Mama pale ameniuliza mlangoni kama Kiingereza chake kitatosha. Mama, mikutano ni ya wazi, nenda moja ukae ukiwasikiliza, utaona wanaongea habari za maji, za mikopo ya jiji, za nani anamsimamia nani, mambo unayoyaongea kila siku. Nina laptop hapa. Wenye kura ndani ya Minneapolis bakini baada ya sala, tuandike barua mbili tatu usiku huu huu.