Njia ya Kinena, Njia ya Kwapa

Wazazi wenzangu, kliniki naulizwa sana swali hili: "Daktari, lazima mumpasue kifua?" Mmeona watoto wenye kovu refu, kutoka chini ya shingo hadi chembe cha moyo, nanyi mnaogopa.

Inategemea tundu kwenye moyo au mishipa yake liko wapi. Kila mtoto akiwa tumboni ana mshipa unaounganisha mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu. Akizaliwa, huziba wenyewe. Usipoziba, mapafu hujaa damu: mtoto anahema, ananyonya kwa kukatiza, uzito hauongezeki. Mwaka 1938, kule Boston, Robert Gross alimfungua kifua binti wa miaka 7 ili aufunge kwa uzi. Leo mara nyingi tunatoboa mshipa wa kinena kwa sindano, tunapitisha mrija mwembamba, katheta, hadi moyoni huku tukitazama kwenye skrini. Ndani ya mrija kuna kizibo cha nyuzi za nitinoli, metali inayokumbuka umbo lake: kimekunjwa, kikitoka kinachanua na kuziba. Tangu 2019 Marekani imeidhinisha kizibo kwa vichanga wa kuanzia gramu 700! Nasi hapa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ina mtambo wa katheta.

Tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo nalo huzibwa hivyo, mradi lina kingo za kushikilia kizibo. Likikosa kingo, ni kushona. Daktari anaweza kupita chini ya kwapa la kulia, kati ya mbavu, mfupa wa kidari usiguswe. Mtoto akishusha mkono, kovu halionekani. Lakini nisikilizeni hapa: ndani ni kazi ileile. Moyo unasimamishwa, mashine inausukumia mwili damu. Kovu dogo halimaanishi upasuaji mdogo.

Ndiyo maana naumia mzazi anaposubiri njia isiyo na kovu. Tundu kubwa la vyumba vya chini likiachwa miaka, mishipa ya mapafu inakakamaa, na ikishakakamaa kabisa hatuwezi tena kuliziba. Mama mmoja alisubiri kizibo kwa sababu mtoto wa jirani alikipata. Aliporudi, presha ya mapafu ilikuwa imeanza kupanda. Tulifungua kifua mbele, tukawahi. Juzi mtoto kaja kliniki mbio, mama yake nyuma akimwita.

Haya, mama uliyenyoosha mkono, uliza.