Besi wa Naivasha: Chambo, Fimbo na Gari la Kuvuta Boti

Mwenyekiti, wazee, akina mama na vijana wa boti, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie vifaa vya kuvulia besi na gari la kuvutia boti, na nimeonywa kwamba chai haitanisubiri. Nitaanza na samaki mwenyewe, kwa sababu wengi wetu huanza dukani.

Besi si mwenyeji wa hapa. Kwao ni mashariki ya Amerika Kaskazini. Aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, akapandikizwa tena baadaye, kwa ajili ya watu waliotaka kuvua kwa mchezo. Kule Marekani ni samaki wa mashindano na fedha nyingi. George Perry alimvua wa kilo 10 na ushei huko Georgia mwaka 1932, na rekodi ile ilikaa miaka 77 mpaka Manabu Kurita akaifikia katika Ziwa Biwa, Japani. Sisi hapa, ukipata wa kilo mbili, piga picha kabla hajaruka.

Sasa, video mnazotazama kwenye simu zimepigwa katika maji ya kwao. Mwenye video atakwambia majira ya kuchipua yakiingia besi hupanda kingoni kutaga, na baridi ikiingia hushuka kilindini, kwa hiyo nunua chambo hiki Machi na kile Novemba. Kwetu ziwa liko karibu na ikweta, mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, na halina kipupwe cha namna hiyo. Kinachobadilika hapa ni kina na rangi ya maji. Mto Malewa ukishuka na udongo wa mvua, upande wa kaskazini hugeuka chai ya maziwa, na besi ni mwindaji wa macho. Kamongo anaweza kuishi kwenye tope, huyu hawezi kula asichokiona. Samaki mwingine aitwaye kapu, ambaye tangu mwaka 2001 tumekuwa tukimpata, naye hufukua chini na kuyachafua zaidi. Siku kama hizo elekea maji ya kisiwa cha Crescent Island, palipo na kina na kunakotulia.

Anakula nini? Akiwa mdogo, wadudu wa majini. Akikua, anakula samaki wadogo na wale kamba wekundu wa maji baridi waliowekwa ziwani mwaka 1970. Hao kamba nao ni wageni kutoka Marekani, kwa hiyo mgeni alikutana na chakula cha nyumbani. Basi mkoba wako wa chambo bandia uanze na kamba wa plastiki laini, wa rangi ya kahawia iliyoiva au nyekundu ya damu ya mzee. Maji yakichafuka, chukua cheusi. Kivuli chake huonekana vizuri zaidi.

Namna ya kumvisha kwenye ndoano ndiyo inayowashinda wengi, hebu nionyeshe polepole. Kamba akishtuka hukimbia kinyumenyume: hupiga mkia, koleo zikafuata nyuma. Kwa hiyo ndoano huingia upande wa mkia, ili ukivuta, mkia utangulie. Pitisha mshipi kwanza kwenye chubwi ndogo ya gramu 7 hadi 10, yenye ncha kama risasi, ndipo ufunge ndoano pana. Ncha ya ndoano iingie mkiani kama nusu sentimita, itokee chini. Vuta mpaka jicho la ndoano lizame ndani ya plastiki, igeuze, kisha pima mahali pindo la ndoano linapoangukia, na uizamishe ncha tena ndani ya mwili. Isichomoze. Plastiki ikiwa imekunjika hata kidogo, ichomoe uanze upya, maana itazunguka majini na kuusokota mshipi wote.

Kwa nini tunaficha ncha? Kwa sababu besi haishi mahali peupe. Anajibanza kwenye mafunjo, chini ya gugu maji, na siku hizi kwenye ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu ziwa lilipofura mwaka 2020. Ile miti inawahuzunisha watalii, lakini kwa mvuvi wa besi ni mtaa mzima wa nyumba mpya. Ndoano iliyo wazi itakamata mti kabla ya samaki. Tupa karibu na shina, acha izame, inua ncha ya fimbo kidogo, acha izame tena. Mara nyingi hutahisi kishindo. Utaona mshipi unatembea kando peke yake. Hapo vuta kwa nguvu.

Vyambo vingine nitavipita haraka. Chenye kijiko cha bati kinachozunguka kinafaa maji ya tope, kwa sababu kinatikisa na kung'aa. Kinachoelea juu na kupiga maji kinafaa alfajiri, kabla ya upepo. Vile vya mbao vyenye ndoano tatu tatu ni vizuri sana kuvitazama ukutani. Kwenye migunga vitakufilisi wiki ya kwanza.

Fimbo iwe ya mita 2 na kidogo, ngumu kiunoni, maana kazi yake ni kumng'oa samaki kwenye mafunjo kabla hajajifunga. Mshipi wa kusokotwa wa kilo 14 unatosha. Rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi, nunua ya wastani yenye breki laini. Na leseni ya kuvua kwa mchezo iwe mfukoni, pamoja na macho ya kuangalia viboko. Kiboko hapendi kujua bei ya fimbo yako.

Sasa gari, na hapa ndipo fedha zinapotupwa. Kila mtu huuliza, "Litavuta?" Pikapu karibu yoyote ya dizeli itavuta. Swali ni kama litasimama. Wengi wetu boti zinatoka Nairobi, na kutoka Nairobi ni lazima ushuke bonde. Ukipita njia ya Mai Mahiu, uko kwenye mteremko mkali, lori mbele, lori nyuma, na trela inakusukuma.

Tupige hesabu ya boti ya kawaida ya mita 5. Bodi ya faiba kilo 400. Injini ya nguvu farasi 60, kilo 115. Petroli lita 50, kama kilo 37. Betri, nanga, maboya na sanduku la barafu, kilo 80. Trela yenyewe 250. Tumefika 880. Watengenezaji wengi wa pikapu za tani moja huandika kilo 750 kwa trela isiyo na breki. Ile tani 3 na nusu inayotangazwa ni ya trela yenye breki zake. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha gari, weka breki kwenye trela. Ni bei ndogo kuliko gari, na ndiyo itakayokushusha salama, ukiwa kwenye gia ya chini tangu juu, si katikati ya mteremko breki zikinuka.

Injini isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ isiyo na tabo, silinda 6, lita 4.2, ni ng'ombe wa kazi, naipenda, na fundi wake yuko kila kijiji. Ila ukirudi kupanda Limuru na boti utapitwa na matatu zote. Hilux ya dizeli yenye tabo itapanda bila kelele. Kama unavua mara moja kwa mwezi, usinunue lolote, kodi.

Uzito ulioegemea kiungio cha trela uwe kama sehemu moja ya kumi. Kwa boti yetu ni karibu kilo 90, yaani gunia moja la mahindi. Ukipungua sana, trela itaanza kuyumba, na injini kwa kuwa ipo nyuma hupenda kuupunguza. Sogeza boti mbele kwenye trela, au sogeza ekseli nyuma.

La mwisho ni beringi za magurudumu ya trela. Ukifika ziwani usiizamishe trela papo hapo. Magurudumu yana moto. Yakiingia maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, grisi ikaharibika. Gusa kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kikiwa moto, kunywa chai kwanza.

Mzee pale nyuma aliuliza kuhusu kurivasi na trela. Shika usukani chini kabisa; mkono ukienda kushoto, trela inakwenda kushoto. Trela yangu iko nje, njoni tujaribu kabla upepo wa alasiri haujaanza.