"Jitambulishe": dakika moja na nusu mbele ya paneli

Asanteni, kaeni. Nimepewa saa nzima, lakini kwa joto la ukumbi huu nikimaliza mapema sidhani kama kuna atakayenidai.

Leo nina swali moja tu, lile la kwanza kabisa. Umeingia chumba cha usaili, umeambiwa keti, mwenyekiti wa paneli amefungua faili lako. Anasema: "Jitambulishe." Basi. Nimekaa upande wa pili wa meza ile miaka kadhaa, na hilo ndilo swali ambalo watu hawajiandai nalo, maana kila mtu anadhani anajijua.

Kinachofuata huwa ni hiki: "Kwa majina naitwa fulani, nimezaliwa mwaka 1999 wilaya ya Kilosa, ni mtoto wa nne katika familia ya watoto saba. Elimu ya msingi nilianza mwaka 2006, nikahitimu 2012..." Kabla hajafika chuo, mjumbe mmoja anatazama saa na mwingine ameshaanza kupekua vyeti. Na hayo yote yapo kwenye wasifu aliotutumia mwenyewe.

Simcheki. Ndivyo tulivyolelewa. Ukifika ugenini ukaulizwa wewe nani, unataja baba, unataja kijiji, na mzee akishajua wewe ni wa kina nani, unaletewa kigoda. Ila paneli haijaja kupokea posa. Ikisema jitambulishe inataka kujua: tukikuajiri leo, Jumatatu asubuhi tukuachie nini mikononi?

Nigusie salamu, maana najua mtaniuliza. Kuna msailiwa aliwahi kumpa shikamoo kila mjumbe, mmoja mmoja, hadi akamfikia binti aliyekuwa anaandika kumbukumbu, mdogo kwake kwa miaka kama mitano. Binti hakujua aitikie nini. "Habari za asubuhi" moja kwa wote inatosha. Na kama hujajua uzungumze Kiswahili au Kiingereza, uliza. Hakuna anayekatwa alama kwa kuuliza.

Sasa nahitaji mtu. Wewe wa safu ya tatu, unasoma nini?

— Ugavi, mama. Mwaka wa tatu.

Vizuri. Tuseme nafasi ni ya mtunza stoo hospitalini. Jitambulishe.

— Kwa majina naitwa Juma, ni mhitimu mtarajiwa wa ugavi. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najituma na naweza kufanya kazi chini ya shinikizo bila kusimamiwa.

(Kicheko ukumbini.)

Msicheke, nanyi mnayo hayohayo kwenye barua zenu. Juma, hata wangekuja ishirini, wote wangesema ni waaminifu. Sijawahi kumsikia aliyesema yeye ni mvivu na mdokozi. Fildi ulikwenda wapi?

— Hospitali ya wilaya, mama. Stoo ya dawa. Wiki nane.

Ulikuwa unafanya nini?

— Nilikuwa nasaidia.

Kusaidia nini?

— Kupokea mzigo. Gari likija tunahesabu maboksi, tunalinganisha na hati, tunaangalia tarehe ya kuisha muda, halafu tunaingiza kwenye leja. Zinazokaribia kuisha muda tunaziweka mbele zitoke kwanza.

Mmesikia? Huyu mtu anaijua kazi na alikuwa ameificha. Kuna siku hesabu ilikataa?

— Ndiyo. Leja ilisema maboksi arobaini ya dripu, tukakuta thelathini na sita. Nilipitia hati za wiki nzima, sikuona kitu. Nikaenda wodi kwa wodi. Kumbe wodi ya wazazi walichukua manne usiku wa dharura, hawakuandikiwa.

Mkafanyaje?

— Msimamizi akaniambia nitengeneze daftari dogo la usiku, likae kwa mlinzi pamoja na ufunguo. Anayechukua anasaini.

Haya, sasa anza upya. Jina, unasoma nini, kisha hayo maboksi manne. Halafu sema kwa nini unaitaka stoo yetu. Jina la baba liache kwenye cheti.

(Juma anarudia. Anatumia dakika moja na sekunde kumi. Ukumbi unapiga makofi.)

Hakutaja uaminifu hata mara moja, lakini mimi stoo yangu ningempa. Angalieni pia alivyosema "msimamizi akaniambia". Hakujifanya daftari ni wazo lake. Hilo lina maana kubwa, kwa sababu wadhamini mnaowaandika huwa tunawapigia simu. Ukijitwalia sifa ya bosi wako, bosi wako ndiye atakayetuambia.

Naona dada kule nyuma amenyoosha mkono. Anauliza: "Kama sikupata fildi ya maana, au nimemaliza chuo na nimekaa nyumbani miaka miwili?" Nami nakuuliza, dada: ulikuwa unafanya nini nyumbani? Anasema genge la mama. Nani alikuwa anaandika daftari la madeni? Wewe. Wangapi wanakopa kwa mwezi, na mnawadai vipi bila kugombana na jirani? Ukitaka kazi ya ofisa mikopo, hiyo ndiyo habari yako, tena ina uzito kuliko cheti cha semina ya siku mbili. Usiseme "nilikuwa nimekaa tu". Na usiligeuze genge kuwa kampuni; sema genge.

Mazoezi ni rahisi. Washa kinasa sauti cha simu, jitambulishe, ikipita dakika moja na nusu kata. Cha kukata mara nyingi ni mwanzo. Usikariri neno kwa neno, maana mjumbe akikohoa katikati utapotea. Shika vitu vitatu: unachokifanya, tukio moja, na kwa nini umekuja kwetu.

Haya, dada wa genge, usikae. Njoo huku mbele, mimi ndiye paneli. Jitambulishe.