Pafu la Mgeni, Vita vya Mwenyeji

Wanafunzi wangu, na ninyi wazee mliokuja kusikiliza, karibuni.

Mwaka 1963, huko Jackson, Mississippi, daktari James Hardy alimpandikiza binadamu pafu kwa mara ya kwanza. Mgonjwa aliishi siku 18. Ilipita miaka 20 ndipo Joel Cooper na wenzake wa Toronto wakafanikiwa kumpandikiza mtu pafu lililodumu. Siku hizi upasuaji wenyewe hautishi kama zamani. Kinachotutesa ni cha baadaye: katika miaka 5 ya mwanzo karibu nusu ya waliopandikizwa hupatwa na ukataaji sugu, yaani mwili hulikataa pafu polepole. Vijia vidogo vya hewa huota makovu, vikaziba. Mgonjwa hupuliza kwenye kipimo na kuona pumzi yake ikipungua, na kovu likishakaa hatuna dawa ya kuling'oa.

Kwa muda mrefu tulifundisha kwamba pafu ni la mtu mwingine, kwa hiyo kinga huliona geni na kulishambulia. Ni kweli, lakini haitoshi. Wapo wanaomeza dawa zao za kutuliza kinga bila kukosa hata siku moja, na bado mapafu yanaziba. Inauma sana kumwona mtu wa namna hiyo.

Fikirieni nyumba ya udongo. Anayepita nje huona udongo. Fito zimo ndani. Kolajeni ni protini inayoshikilia tishu za mwili, na ile ya aina ya 5 ndiyo fito zenyewe: imefunikwa na kolajeni ya aina ya 1, na seli za kinga kwa kawaida hazikutani nayo. Sasa pafu linatolewa, linakaa saa kadhaa kwenye ubaridi bila damu, kisha damu inarudishwa kwa mara moja. Udongo unabanduka. Virusi vikiingia vinabandua zaidi, na tindikali ya tumbo inayopanda na kuingia kifuani hufanya vivyo hivyo. Fito zikibaki wazi, mlinzi, yaani kinga, ambaye hajawahi kuziona huzishambulia.

Nisikilizeni vizuri hapa. Kolajeni hiyo ya mtoaji haina tofauti na ya mpokeaji. Kwa hiyo hata tishu zao zingelingana vipi, vita hivi vingeweza kuwaka, kwa sababu mwili unapigana na kitu ambacho ni chake pia.

Mwaka 2007 William Burlingham wa Wisconsin, pamoja na David Wilkes wa Indiana na wenzao, walionyesha kwamba wagonjwa ambao seli zao za T, askari wa kinga, ziliamshwa na kolajeni hiyo, kwa njia ya intaleukini-17, kemikali ambayo seli za kinga hutumia kuitana, ndio waliokuwa hatarini zaidi kuziba mapafu. Huko St. Louis, kundi la mtafiti Mohanakumar likakuta antibodi, silaha za kinga zilizomo kwenye damu, dhidi ya kolajeni hiyo hiyo, na dhidi ya tubulini, protini nyingine iliyomo kwenye seli zinazotanda njia za hewa.

Mimi kinachonipa moyo ni panya. Katika maabara ya Wilkes, panya walilishwa kolajeni ya aina ya 5 kwa mdomo kabla ya kupandikizwa pafu. Kinga yao ikaizoea, na ukataaji ukapungua. Hawakuvunjwa kinga yote, kama tunavyowafanyia wagonjwa wetu kwa dawa za kila siku. Walifundishwa tu kutozishambulia fito hizo.