Betri imechoka sawa, lakini wewe unaenda wapi kwani?

Haya jamani asanteni kwa kuja, naona nyuma kule watu wamesimama, sogeeni mbele hapa bado pana viti. Nimeombwa niongee kuhusu kununua gari ya umeme ya mtumba, kwa mtu ambaye safari zake ni hizi za karibu karibu, kazini, sokoni, kumpeleka mtoto shule, kurudi nyumbani basi. Mimi sio injinia, niseme mapema, mimi ni mtu nimenunua moja na kabla ya hiyo moja nusura nipigwe, kwa hiyo mkiona naongea kwa uchungu mjue ndio sababu.

Naanza na swali. Nani hapa anajua jana aliendesha kilomita ngapi? ... Mkono mmoja. Mnaona sasa. Mtu akisikia gari ya umeme cha kwanza anauliza inaenda umbali gani, lakini yeye mwenyewe anaenda umbali gani hajui. Mimi kabla sijanunua nilikaa wiki 2 kila jioni nasoma odomita naandika kwenye simu, ikatoka kilomita 19 kwa siku, siku moja tu ndio ilifika 46 maana kulikuwa na msiba. Nikajicheka. Nilikuwa nahangaika kutafuta gari ya kilomita 300 na maisha yangu yote ni ya kilomita 19.

Na hilo ndilo ninalotaka mlielewe leo, kwa sababu linabadilisha hesabu yote. Gari ya umeme ya mtumba inashuka bei kwa kitu kimoja kikubwa, betri imechoka. Wewe wa safari fupi huko kuchoka kwa betri kunakuhusu kidogo sana, yani unapunguziwa bei kwa ugonjwa ambao wewe hautakuuma. Ila lazima ujue imechoka kiasi gani, sio ukisie, na sio uambiwe na muuzaji.

Nitumie Nissan Leaf kama mfano maana ndiyo iliyozagaa kwenye mtumba na ndiyo ninayoijua. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2010, zile za kwanza betri yake ni ya uniti 24, na nikisema uniti namaanisha uniti hii hii unayoijua kwenye mita ya umeme, kilowati moja kwa saa moja. Baadaye ikaja ya 30, ikaja ya 40, ikaja ya 62. Sasa uniti moja kwa kuendesha kistaarabu inakupeleka kilomita 6 au 7. Kwa hiyo ukiambiwa betri ya 24 imebaki na asilimia 63, zidisha, ni kama uniti 15, hapo una kilomita 90 hadi 105, na mimi nahitaji 19. Ningeweza kusahau kuchaji siku 3 mfululizo na bado nikafika nyumbani.

Betri hizi zinazeeshwa na vitu vitatu, umri, joto, na kukaa muda mrefu zimejaa mpaka juu hasa kwenye hilo joto. Ndio maana kilomita ndogo kwenye odomita zisikutie wazimu. Gari imekaa imepaki juani miaka, imechomekwa muda wote iko 100, kilomita chache kweli lakini betri imepikika. Na hizo Leaf betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza kama gari nyingine nyingi zilivyo, inapoa yenyewe kwa hewa, kwa hiyo ilikoishi gari kabla yako ni jambo la kuuliza kabla hata hujauliza rangi.

Haya, tuje kwenye kupigwa. Kwenye dashibodi ya Leaf pembeni kabisa kulia kuna vijiti 12 vidogo. Sio vile vya kuonyesha chaji, ni vile vyembamba vya pembeni, vinaonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza kinapotea betri ikishapungua asilimia 15 hivi, vinavyofuata vinapotea kwa kila asilimia 6 na kidogo. Nikaenda kuangalia gari moja, ya zamani, imetembea, vijiti 12 vyote vimesimama kama askari gwaride. Muuzaji anatabasamu, anasema hii ilitunzwa na mwalimu mstaafu. (Sijui kwa nini kila gari ilitunzwa na mwalimu mstaafu.) Na mimi nilikuwa nishaanza kuhesabu hela kichwani.

Ila nilikuwa nimeambiwa na jamaa yangu mmoja fundi, usinunue kwa macho, endesha. Nikamwambia muuzaji naomba nizunguke nayo kidogo, nikaandika chaji iko asilimia 86, nikaseti odomita ndogo iwe sifuri, nikaondoka. Nimerudi nimetembea kilomita 22, njia ya tambarare tu, kiyoyozi nimezima, sikukimbia. Chaji iko 58. Asilimia 28 imekwenda kwa kilomita 22! Gawanya hapo, betri nzima ni kilomita 78. Betri ya vijiti 12 ingetakiwa inipe zaidi ya 120. Yani ile betri ilikuwa imebaki kama nusu ya ilivyokuwa mpya.

Kumbe kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu. Ukiifuta inasahau kila ilichojua kuhusu uchakavu, inaanza upya inadhani betri ni mpya, vijiti vyote vinarudi, alafu ukishaendesha siku kadhaa inaanza kujifunza ukweli na vijiti vinadondoka kimoja kimoja. Wakati huo muuzaji hapokei simu. Huyu muuzaji wangu nilivyomuuliza akasema labda umekanyaga sana. Nikamrudishia funguo.

Cha kuchekesha ni kwamba ile gari ingenitosha. Kilomita 78 kwa mtu wa 19, mbona nyingi? Shida ilikuwa bei, ilikuwa bei ya betri nzima. Mwezi uliofuata nikapata nyingine ya vijiti 8, mwenye nayo mwenyewe kaniambia bana hii betri imekwisha kwisha, mimi safari zangu ndefu inanitesa ndio maana naiuza. Nikaipima kilomita zangu 20, ikalingana na vijiti vyake. Hiyo ndiyo nilinunua, na huu ni mwaka wa pili.

Kwa hiyo kipimo changu ndio hicho, hakina gharama, karatasi na kalamu. Endesha si chini ya kilomita 20, ondoka chaji ikiwa juu ya 80 ikiwezekana, na ile namba ya kilomita zilizobaki inayoonyeshwa kwenye dashibodi usiiamini, ile inabashiri kutokana na ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Mtu akishuka mlima polepole kabla hujafika, unakuta namba nzuri kweli. Angalia asilimia.

Ukitaka kuingia ndani zaidi kuna kidude cha Bluetooth kinachomekwa kwenye soketi ya OBD2, ile ya fundi kusomea kompyuta ya gari, iko chini ya usukani, na programu ya simu inaitwa LeafSpy. Inakuonyesha afya ya betri kwa asilimia, imechajiwa kwa kasi mara ngapi, na kubwa kuliko yote inakuonyesha seli, yani vile vibetri vidogo vidogo vinavyounda betri kubwa. Ndani kuna jozi 96 za seli zimeungwa mfululizo, na mfululizo maana yake ni kama msafara wa watu, unakwenda kwa mwendo wa mchovu. Tazama tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini, na uitazame chaji ikiwa imeshuka chini, sio ikiwa imejaa, maana ikijaa zote zinafanana, mgonjwa anajulikana njaa ikishaanza. Zikiwa zinapishana milivolti 20 au 30 kaa kwa amani. Ukiona moja imeachana na wenzake kwa mia na kitu, hapo kuna seli inakufa.

Mengine nayapitia haraka. Breki za gari hizi hazitumiki sana maana mota ndio inapunguza mwendo na kurudisha umeme, kwa hiyo diski zinashika kutu, kazikague. Tairi zinaisha mapema, gari ni nzito na mguu ukikanyaga nguvu inakuja yote hapo hapo. Bushi na shokabu ni kama gari yoyote. Oili ya injini hakuna, usidanganywe ulipie. Gari iliyowahi kuzama kwenye mafuriko, ondoka hata kama ni ya bure.

Alafu betri ndogo ya volti 12. Ndio, ipo, ya kawaida kabisa. Hii ndiyo inayowasha kompyuta, ikifa gari haiwaki hata kama betri kubwa imejaa, na ikianza kuchoka dashibodi inawaka taa kama disko, kila kitu kinasema kibovu. Mimi ilinitokea nikaona nimekwisha, kumbe ni betri ndogo tu. Hapo hapo nawaambia, ukikuta gari inauzwa bei ya kutupa eti "imekufa mfumo", pima kwanza volti 12.

Kuchaji. Kwa safari fupi soketi ya ukutani inatosha, ya ampea 10 inatoa kama kilowati 2 na kitu, betri yangu inajaa usiku nikiwa nimelala. Kwa hiyo msiumizane vichwa sana na chaja za kasi, ni nzuri zikiwepo lakini wewe hujanunua gari ya kusafiri. Ila soketi iwe nzima. Ampea 10 kwa masaa 6 mfululizo sio kama pasi unapiga dakika 20. Usiku wa kwanza amka baada ya saa moja ukaishike plagi kwa mkono, vuguvugu sawa, ikiwa ya moto chomoa uite fundi umeme. Ekstensheni nyembamba ile ya televisheni, hapana. Na kama nyumba haina waya wa ethi chaja nyingi zitakataa kabisa kuanza, usiseme gari mbovu.

Mama hapa mbele anauliza betri kubwa ikifa kabisa je. Swali zuri. Betri ya hizi za kwanza ni vipande 48, kila kipande seli 4, mara nyingi wanaokufa ni wachache wakawaangusha wengine wote, fundi anatoa hao anaweka vya mtumba vyenye afya inayofanana. Lakini fundi anayejua, mle ndani ni karibu volti 360 za DC, zile waya za rangi ya machungwa mnazoziona chini ya boneti sio za mtu wa kujaribu jaribu. Na betri iliyoshindwa gari bado inatunza umeme wa sola nyumbani miaka, kwa hiyo hata maiti yake ina mnunuzi.

Haya, gari yangu iko pale nje, asubuhi nimeiacha na asilimia 41. Nani ana simu yenye chaji, kidude ninacho mfukoni, twendeni tukazihesabu seli.