Opasi 60 Ziko Mbili: Kutafuta Nota za Gitaa la Klasiki kwa Anayeanza

Karibuni tena jamani. Leo nimetoka chumbani, niko Kirumba, hapa Mwanza, nyuma ya nyumba, ziwa lile pale kwenye mwanya wa mawe, kwa hiyo mkisikia boti inanguruma msishangae. Wengi mmeniuliza swali moja: "Kaka, gitaa kavu ninalo, kodi (chords, nota kadhaa zinazolia pamoja) tatu nne nazipiga, sasa vipande vya klasiki vya mwanafunzi navipata wapi bila kununua kitabu?" Haya, shika simu yako tufanye pamoja.

Fungua intaneti, andika IMSLP. Ni maktaba ya nota, ipo tangu mwaka 2006, na kupakua ni bure. Bure ya halali, maana watunzi tunaowataka sisi walishafariki zamani: Fernando Sor mwaka 1839, Ferdinando Carulli mwaka 1841. Haki za kazi zao zilishakwisha, humwibii mtu. Yale mafaili ya vitabu vipya yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni habari nyingine, mimi siyagusi.

Sasa kwenye kutafuta andika Sor, halafu Op. 60. Hapa nisikilize vizuri. Opasi ni namba inayopewa kazi ya mtunzi inapochapishwa, na kila mtunzi ana hesabu yake. Sor ana Opasi 60 yenye mazoezi 25. Matteo Carcassi naye ana Opasi 60, nayo ina mazoezi 25! Mimi nilipoanza nilichapisha ya Carcassi yote, nikalipa, nikarudi nayo nyumbani kifua mbele. Ukurasa wa kwanza tu, nota zinakimbizana kama dagaa kwenye taa. Wiki mbili nzima nikaamini vidole vyangu vimetengenezwa kwa mninga. Kumbe ile ni ya mtu aliyekwishakaa na gitaa miaka kadhaa. Ni nzuri, utaifikia, lakini ya kuanzia ni ya Sor, ambayo inaanza na nota moja moja, pole pole.

Jina lake limeandikwa kwa Kifaransa: Introduction à l'étude de la guitare. Ukiliona hilo, umefika. Shuka chini kwenye mafaili. Pembeni ya kila faili wameonyesha ukubwa na idadi ya kurasa, kwa hiyo mwenye bando la mawazo achague lililo dogo. Bonyeza, kubali masharti, subiri sekunde chache. Subiri kweli, usibonyeze mara tano tano.

Faili limeingia. Usikimbilie kuchapa, tulisome kwanza kwa macho. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Mnaona mistari mitano? Nota iliyokaa juu ya mstari wa tano, imeugusa tu kama ndege kwenye waya wa umeme, hiyo ni G: uzi wa kwanza, ule mwembamba, freti ya tatu, yaani chumba cha tatu kati ya vile vyuma vya shingoni. Ukurasa ambao nota hazipandi kupita hapo, kwa kawaida mkono wa kushoto haubanduki mwanzoni mwa shingo. Huo ni wako. Zikianza kupanda kwenye vijistari vya juu, vile vifupi vinavyoongezwa nje ya mistari mitano, mkono unasafiri, uweke kando kwanza. Vijistari vya chini visikutishe, huko ndiko besi zinakoishi. Uzi wa sita ukipigwa mtupu, nota yake inaning'inia chini ya kijistari cha tatu.

Kitu kingine cha kukagua ni herufi C yenye namba ya Kirumi juu ya mistari. Hapo kidole cha kwanza kinalala juu ya nyuzi kadhaa kwa pamoja. Ukiziona tatu kwenye ukurasa mmoja, funga faili, rudi mwakani.

Namba ndogo 1 mpaka 4 ni vidole vya mkono wa kushoto. Herufi p, i, m, a ni vya kulia, zimetoka kwenye Kispania: gumba, shahada, kati, pete. Namba ikiwa ndani ya duara, inakutajia uzi.

Wanakwaya, ninyi mna mtaji na hamjui. Namba 1 ya Sor iko kwenye ufunguo wa C, maana yake do ni C. Chukua penseli, andika d, r, m chini ya kila nota kama mnavyoandika kanisani, uimbe mara mbili ndipo ushike gitaa. Wasomi wa muziki watanuna, wanune. Ila ufunguo ukibadilika do nayo inahama, hilo mnalijua kuliko mimi.

Kwa mkono wa kulia tafuta Mauro Giuliani, Op. 1. Sehemu ya kwanza ina mazoezi 120, yote juu ya kodi mbili tu, C na G7. Usiyachapishe yote! Ukurasa wa kwanza unakutosha mwezi.

Haya, steshenari. Mwambie kijana achape namba 1 mpaka 5 za Sor, upande mmoja wa karatasi, asizipunguze zikawa mbili kwa ukurasa mmoja, maana ataziminya mpaka usome kwa tochi. Ukifika nyumbani unganisha karatasi kwa selotepu ubavu kwa ubavu, usilazimike kufunua katikati ya wimbo. Na kama unafanyia mazoezi nje kama mimi, upepo wa ziwani mchana hauna adabu: vibanio vya nguo viwili, kimoja huku, kimoja huku.

Tayari? Namba 1, mstari wa kwanza. Shahada, kati, shahada, kati, usirudie kidole kimoja. Ukikosea usirudi mwanzo, endelea. Moja, mbili, tatu...